Uzi: Kuiachia mashine ilinde Wi-Fi ya hoteli, ofisi na ghala. Skripti ifanye nini, fundi abaki na nini?

Fundi wa Dari:

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni Wi-Fi za watu: hoteli za pwani ya mashariki Unguja, ofisi kadhaa Dar, na maghala ya wenye mizigo. Karibu wote hawana uwezo wa kuajiri mtu wa IT akae pale kutwa, na mimi siwezi kuwa Paje na Kurasini kwa wakati mmoja. Kazi ya kukesha nimeiachia mashine. Naandika ninavyofanya kwa sababu ushauri mwingi humu unaishia "zima, subiri kidogo, washa", na wapo waliokwenda mbali zaidi wakaweka ratiba rauta ijizime na kujiwasha yenyewe kila usiku saa tisa.

Hilo la kila usiku linanikera kuliko yote. Ni kumpa mgonjwa wa malaria panadol kila jioni: homa inashuka, wadudu wako palepale. Tena rauta nyingi, MikroTik zikiwemo, kwa mpangilio wa kiwandani huweka logi (orodha ya matukio yake) kwenye kumbukumbu ya muda. Ukiiwasha upya, ushahidi wote umeufuta kwa mkono wako.

Kwangu mashine hupewa kwanza kazi ya kupima, halafu kutunza kumbukumbu, na mwisho kabisa kugusa vifaa. Wengi wanaanzia hapo mwisho.

Tuanze na kupima. Mtu akishasimika programu ya ufuatiliaji, cha kwanza anachoweka ni ping (kuuliza kifaa "upo?" na kusubiri kiitike) kwa kila AP (zile sahani nyeupe za darini zinazorusha Wi-Fi). AP inaitika, alama ya kijani imewaka, watu wanalala. Huku mgeni anapiga simu mapokezi kwamba hana intaneti. Hakuna anayedanganya hapo. Simu ya mgeni inatakiwa ijiunge na Wi-Fi, ipewe anwani na DHCP (mgawaji wa anwani), iulize jina kwa DNS (anayegeuza jina la tovuti kuwa anwani), ipite ukurasa wa kuingilia, ndipo itoke nje. Ping yako haikugusa hata hatua moja kati ya hizo.

Kwa hiyo kila jengo naweka "mgeni bandia". Ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, inakaa kule wanakokaa wageni, mbali na kabati la swichi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao). Kila dakika tano inajitoa kwenye Wi-Fi, inajiunga upya kama mgeni yeyote, inaomba anwani, inauliza jina, inavuta ukurasa mdogo, na kuandika kila hatua imekula milisekunde ngapi. Namba zinaenda Zabbix, programu ya ufuatiliaji. Tatizo likitokea, grafu ya hatua moja inapanda yenyewe na zile nyingine zimetulia. Hapo huhitaji kubahatisha.

Mfano ninaokutana nao kuliko wote ni anwani kuisha. Mtandao wa /24 una anwani 254 tu. Chukua hoteli ya vyumba 60, watu wawili kila chumba, kila mtu simu na kompyuta: tayari ni 240, na hujawahesabu wafanyakazi, TV za vyumbani wala watu wa mgahawa wa mchana. Ukigawa anwani kwa saa 24, mtu aliyekula pweza saa saba akaondoka bado ameishikilia ya kwake mpaka kesho mchana. Ongeza na hili: Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 zinajitungia anwani ya MAC (kitambulisho cha kifaa) tofauti kwa kila jina la Wi-Fi. Kama una "Wageni" na "Mgahawa" kwenye mtandao mmoja, simu ile ile inahesabiwa mara mbili. Nimeweka kwamba zikitumika asilimia 85 nipate ujumbe. Dawa inajulikana, ama ugawe kwa saa mbili, ama upanue hadi /22 yenye anwani 1022. Kugawa kwa saa mbili naiacha skripti ifanye. Kupanua mtandao nafanya mwenyewe.

Kitu cha pili ni hewa yenyewe. Watu wanatazama nguvu ya mawimbi tu, wakati AP inaweza kuonyesha mistari yote mitano na bado isipitishe kitu kwa sababu chaneli (njia ya mawimbi inayotumia) imejaa. Pima asilimia ya muda ambao chaneli iko bize, na ni pakiti (vipande vya data) ngapi zinarudiwa kutumwa. Kwenye 2.4 GHz tunategemea chaneli 1, 6 na 11 kwa kuwa hazikanyagani, sasa fikiria Kariakoo, ghorofa moja ina maduka mangapi na kila duka lina rauta yake! Hapo hakuna mashine itakayokupatia chaneli tupu. Inachoweza ni kukuonyesha kwa namba kwamba wateja wahamishiwe 5 GHz, na hizo namba ndizo unazompelekea tajiri anapouliza kwa nini anunue AP mpya.

Kuhusu AP kujichagulia chaneli zenyewe, naruhusu usiku tu. Mchana kila ikihama inawakata watu waliomo kwenye simu za WhatsApp. Na kwenye 5 GHz kuna chaneli 52 hadi 144 ambazo lazima zipishe rada: AP inasikiliza angalau sekunde 60 kabla ya kurusha, na ikisikia kinachofanana na rada inahama na hairuhusiwi kurudi kwa dakika 30. Ukiona Wi-Fi ya ghala inapotea kwa vipindi visivyoeleweka, soma logi ya rada kabla hujabadilisha kifaa.

Nitaendelea na sehemu ya kugusa vifaa. Karibuni.

---

Kipanga Mweusi:

Mkuu, hii mbona kama chai? Ofisini kwetu waliweka hiyo Zabbix. Baada ya muda lile kundi la Telegram lilikuwa linalia usiku kucha, kila mtu akalifungia sauti. Siku swichi kubwa ilipokufa kweli, hakuna aliyeona ujumbe. Tuliambiwa na mlinzi.

---

Fundi wa Dari:

Si chai, mkuu. Hicho ulichokieleza nimekikuta sehemu nyingi, na mara zote sababu ni kwamba aliyefunga aliacha vipimo kama vilivyokuja.

Kwanza, utegemezi. Swichi moja ikifa yenye AP kumi na mbili chini yake, programu isiyojua mpangilio itatuma meseji kumi na tatu. Kwenye Zabbix unaiambia kwamba AP hizi zinategemea swichi hii, na swichi hii inategemea rauta ile. Unapata meseji moja inayosema swichi.

Pili, kuingia na kutoka kwa tatizo kuwe na mipaka tofauti. Ukisema "piga kelele chaneli ikizidi 80%" basi ikicheza kati ya 79 na 81 utalia nayo mpaka asubuhi. Weka hivi: tatizo linaanza ikikaa juu ya 80 kwa dakika kumi, na linahesabika limekwisha ikishuka chini ya 60.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito, jiulize kwa kila tahadhari: nikiamshwa nayo saa nane usiku nitafanya nini? Kama jibu ni "nitaangalia kesho", basi haina haki ya kukuamsha. Iende kwenye ripoti ya asubuhi. Mimi yanayoniamsha ni machache mno: mgeni bandia ameshindwa kutoka nje mara tatu mfululizo, rauta kuu imepotea, betri za UPS zinakaribia kuisha.

---

Mzee wa Kebo:

Fundi, umesahau adui mkubwa wa pwani: chumvi.

Hizo hoteli za ufukweni, kiunganishi cha RJ45 (kile kichwa cha kebo ya mtandao) kikikaa nje bila kufunikwa vizuri kinaota kutu ya kijani. Hakifi mara moja. Kinaanza kwa kuharibu pakiti, halafu mlango wa swichi unashuka wenyewe kutoka gigabiti moja hadi megabiti 100, kwa sababu gigabiti inataka jozi zote nne za waya na 100 inaridhika na jozi mbili. AP bado inaitika ping. Wageni wanalalamika "Wi-Fi nzito", mwenye hoteli anaongeza kifurushi kwa mtoa huduma, na uzito uko palepale.

Vitu viwili vya kufuatilia kwa SNMP (njia ya kuvisoma vifaa vya mtandao kwa mbali) kwenye kila mlango wa swichi: kasi ambayo mlango umeunganishwa nayo, na hesabu ya makosa. Mlango uliokuwa 1000 ukiwa 100, nipigie kelele. Makosa yakipanda kila siku kidogo kidogo, niandikie kwenye orodha ya kwenda kukata kichwa na kufunga kingine. Mimi sasa nakwenda na kiunganishi na grisi mfukoni, najua mlango namba ngapi kabla sijapanda boti.

---

Fundi wa Dari:

Shikamoo mzee wangu. Hapo umepiga penyewe, na sijui kwa nini watu wanaosimika hizi programu hawaweki hilo la kasi ya mlango. Ni mstari mmoja tu.

---

Bi Mkubwa wa Shangani:

Jamani mimi nina nyumba ndogo ya wageni Mji Mkongwe, AP nne, kuta za mawe nene. Haya yote ya Zabbix na mgeni bandia nayahitaji kweli? Na gharama yake ikoje? Kijana wangu wa mapokezi anajua kuzima na kuwasha tu.

---

Fundi wa Dari:

Bi mkubwa, kwa AP nne usijisumbue na Zabbix. Yenyewe ni bure, iliandikwa Latvia na tangu toleo la 7.0 la mwaka 2024 iko chini ya leseni huria ya AGPL, lakini inataka mtu wa kuilea, na huyo mtu ndiye ghali. Kwako inatosha kontrola (programu ya kuzisimamia) iliyokuja na hizo AP pamoja na kitu kimoja kwenye rauta. Kama ni MikroTik kuna kinachoitwa Netwatch: unampa anwani za AP zako, yoyote ikipotea anatuma ujumbe Telegram kwa simu yako na ya kijana.

Mgeni bandia mmoja bado nakushauri uweke, tena kwenye kile chumba kinacholalamikiwa zaidi. Kuta za mawe ya matumbawe zinameza 5 GHz kabisa. Ukiona nguvu ya mawimbi pale iko chini ya -67 dBm muda wote hilo si suala la programu, dawa yake ni AP ya tano karibu na chumba hicho.

---

Kijana wa Likoni:

Mko sawa ndugu zangu wa Bongo. Mimi niko Mombasa, tunaangalia ofisi za makampuni ya kutoa mizigo.

Nataka kuongeza kuhusu kujua tatizo ni la nani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kusini huko, na Kenya, Tanzania na majirani wengi tukaumia. Siku ile simu zilikuwa hazikatiki: "Wi-Fi yenu imekufa." Wateja wetu waliokuwa na dashibodi waliona wenyewe ndani ya dakika chache kwamba Wi-Fi ni nzima, rauta nzima, kifaa cha kwanza cha mtoa huduma kinaitika, na kuanzia hapo kwenda ng'ambo ni giza. Hakuna aliyegusa rauta. Wale wasiokuwa nayo walishinda wakizima na kuwasha, na mmoja alifikia kurudisha rauta kwenye mipangilio ya kiwandani, akapoteza kila kitu.

Kwa hiyo pima ngazi tatu kila mara: rauta yako, kifaa cha kwanza cha mtoa huduma, na sehemu mbili za nje tofauti, moja ya humu nchini na moja ya mbali.

Halafu kuna swali ambalo wengi hawalifikirii mpaka limewakuta. Intaneti ikikatika, huo ujumbe wa Telegram utatokea wapi? Sisi kila ofisi ina modemu ya USB yenye laini ya simu, na programu ya Gammu inatuma SMS ya kawaida. Laini iwe ya kampuni tofauti na ile inayowapa intaneti.

---

Fundi wa Dari:

Ahsante sana kaka. Niongezee kisa kinachofanana: umeme ukikatika jengo zima na seva ya ufuatiliaji iko humo humo, nayo inakufa kimya. Kimya chake kinafanana kabisa na kimya cha mambo kuwa shwari. Seva yangu iko nje, kwenye VPS (seva ya kukodi mtandaoni), na kila jengo linatuma salamu kila dakika moja. Salamu zikikosekana kwa dakika tano, VPS inanipigia kelele. Laini nyingi za intaneti huku hazina anwani ya umma, yaani hazifikiki moja kwa moja kutoka nje, kwa hiyo jengo ndilo linaanzisha WireGuard (njia ya siri iliyofungwa, VPN) kwenda VPS, na uweke keepalive ya sekunde 25 ili njia isifungwe katikati.

---

Daktari wa Swichi:

Tunasubiri sehemu ya kugusa vifaa, mkuu. Mimi natumia Ansible (programu ya kutuma amri kwa vifaa vingi) kubadilisha nenosiri la Wi-Fi kwenye AP zote kwa pamoja. Jamaa mmoja tuliyekuwa tunafanya naye kazi alituma VLAN (mgawanyo wa mtandao ndani ya swichi) yenye kosa kwenye swichi za matawi yote kwa mkupuo mmoja. Matawi yalipotea kama mtu kazima taa, ikabidi watu wapande magari.

---

Fundi wa Dari:

Haya, kugusa. Ninazo kanuni, na nimezigawa kwa swali moja: je, kitendo hiki kikienda vibaya kinajirudi chenyewe?

Kuzima umeme wa PoE (unaopita kwenye kebo ya mtandao) kwenye mlango mmoja kwa sekunde kumi na kuurudisha, kinajirudi. Hicho skripti inaruhusiwa, kwa masharti. AP iwe haiitiki kwa dakika kumi, swichi yenyewe iwe nzima, na isifanye hivyo zaidi ya mara mbili kwa AP hiyo hiyo ndani ya saa 24. Kabla ya kuzima, ichukue logi zote inazoweza na kuziweka kando. Mara ya tatu inamwita mtu. AP inayohitaji kuzimwa kila siku ina ugonjwa, labda kebo, labda joto la darini, labda swichi haina wati za kutosha. PoE ya 802.3af mwisho wake ni wati 15.4 kwa mlango, na AP nyingi mpya zinataka 802.3at yenye 30. Zikiwa na watu wachache zinafanya kazi, zikijaa zinaanguka. Kuzima na kuwasha rauta kila usiku saa tisa kusingekuambia hilo hata mwaka mzima.

Kubadilisha VLAN, sheria za ngome ya moto (firewall) au anwani za rauta, hakijirudi chenyewe. Hapo Ansible sawa, lakini endesha kwanza na --check uone itabadilisha nini, kisha kifaa kimoja kisicho na wateja wengi, subiri mgeni bandia wa jengo hilo aseme yuko salama, ndipo uendelee na vingine. Na kabla hujagusa, weka kwenye kifaa chenyewe ratiba ya kurudisha bakapu baada ya dakika kumi. Ukifanikiwa kurudi ndani unaifuta ratiba. Usiporudi, kifaa kinajiokoa na hakuna anayepanda gari. Ukiwa unafanya kwa mkono kwenye MikroTik kuna Safe Mode: ukikatika, mabadiliko yanarudishwa nyuma.

Kumbukumbu naitunza kwa Oxidized. Inapita kwenye kila kifaa, inachukua mpangilio mzima na kuuweka kwenye Git, inayotunza kila toleo. Kila asubuhi naona mstari gani umebadilika. Mara nyingi kitu "kilichoharibika chenyewe" kina mstari uliobadilishwa jana saa kumi jioni, na kila mtu anasema hakugusa.

Kusasisha fimwea (programu ya ndani ya kifaa) sijiruhusu iwe ya moja kwa moja, isipokuwa za usalama, nazo kwa kifaa kimoja kwanza.

---

Kipanga Mweusi:

Sawa, umenipunguzia ubishi. Lakini hujatoa neno kuhusu usalama. Seva moja inayojua nenosiri za swichi zote za wateja wako wote... mwizi akiingia pale si amemaliza kazi?

---

Fundi wa Dari:

Amemaliza, ndiyo. Swali zuri kuliko yote humu.

Mtumiaji wa kusoma vipimo awe tofauti na wa kubadilisha. Wa kusoma apewe kusoma tu, tena kwa SNMPv3, kwa sababu v2c inapitisha lile neno la siri wazi, na nusu ya vifaa ninavyovikuta bado neno lenyewe ni "public". Wa kubadilisha funguo zake zisikae kwenye seva hiyo, ziko kwenye kompyuta yangu.

Na milango ya usimamizi isionekane kutoka nje. Mnakumbuka ule udhaifu wa Winbox (programu ya kusimamia MikroTik), CVE-2018-14847: MikroTik walitoa marekebisho Aprili 2018, na miezi baadaye rauta kwa maelfu duniani zilikuwa zinapachika kwenye kurasa za watumiaji skripti ya kuwachimbia wengine sarafu za kidijiti, kwa sababu wenyewe hawakusasisha na mlango 8291 ulikuwa wazi kwa dunia nzima. Hilo nalo ni kipimo: kila wiki VPS yangu inazigonga rauta za wateja kutoka nje. Mlango wowote wa usimamizi ukiitika, napata ujumbe.

---

Bi Mkubwa wa Shangani:

Na hizi kumbukumbu za simu za wageni mnazitunza? Mgeni mmoja Mjerumani alituuliza, tukabaki tunatazamana.

---

Daktari wa Swichi:

Bi mkubwa, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume yake. Anwani ya MAC ikikaa pamoja na jina na namba ya chumba, unajua nani alikuwa wapi saa ngapi. Ili kutunza Wi-Fi huhitaji hayo. Idadi ya vifaa kwa kila AP inatosha. Chenye jina kifutwe baada ya muda mfupi, na mweleze mgeni kwenye ukurasa wa kuingilia unachotunza na kwa muda gani.

---

Mzee wa Kebo:

Fundi, swali la mwisho kabla sijalala. Hizo Pi zako zinadumu? Mimi nilizoziona kadi za SD zinakufa ovyo, na umeme wetu huu.

---

Fundi wa Dari:

Kadi inakufa kwa kuandikwaandikwa, mzee, na umeme unaokatika katikati ya kuandika. Fanya mfumo wake uwe wa kusomwa tu, ipo kwenye raspi-config inaitwa Overlay File System, logi zibaki kwenye RAM, na matokeo yatumwe papo hapo. Umeme usiuchukue kwenye soketi ya chumba, mgeni ataichomoa achaji simu. Ipe PoE kutoka swichi iliyo kwenye UPS, na kwenye ile kebo uizuie isipate intaneti, ipate umeme na njia ya kutuma matokeo tu. Vinginevyo Wi-Fi itakufa na Pi itakuambia mambo shwari kwa sababu imepita kwenye waya.

Skripti yenyewe nitaipachika humu kesho, nikishaondoa nenosiri za wateja.

---

Kipanga Mweusi:

Tunaisubiri. Na ukiweza weka na ile ya kuhesabu mara mbili za PoE, hiyo ndiyo nitakayoanza nayo ofisini.